Mkataba wa mafunzo ya thieta (chumba cha upasuaji) Kisumu: nitie sahihi?

Dada wa Kondele:
Habari zenu wadau. Nimepata kazi katika hospitali moja ya kibinafsi hapa Kisumu, upande wa kuosha na kutakasa vifaa vya upasuaji. Kazi yenyewe naipenda kwa moyo wote. Unafungua kila mkasi, unasugua pale kwenye bawaba damu inapojificha, ndipo uupange kwenye trei iingie otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke. Mgonjwa hakuoni, lakini kidonda chake kinakutegemea.

Shida ni mkataba. Watanifunza miezi mitatu, kisha nifanye kazi kwao miaka 3. Nikiondoka kabla, nilipe Sh150,000, hata iwe imebaki wiki moja. Pia wanataka kukaa na cheti changu cha sekondari, chenyewe, si nakala. Zamu za usiku ni “kadiri ya mahitaji”, basi. Mama anasema nitie sahihi kwa sababu kazi ni adimu. Mnanishauri vipi?

Fundi wa Thieta, Nakuru:
Dada, hongera, ila weka kalamu chini kwanza. Mwajiri aliyekusomesha ana haki ya kutaka umtumikie kwa muda fulani, hilo halina ubaya. Uliza hiyo 150,000 imetoka wapi. Kama wanakulipia karo KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, wakuonyeshe risiti. Lakini kama mafunzo ni kumfuata mwenzako huku ukiosha trei zao kila siku, gharama ni ipi? Huko ni kufanya kazi! Na deni lazima lipungue kadiri unavyotumikia: mwaka ukiisha, thuluthi itoke. Waandike hivyo, usikubali la mdomo.

Cheti usiwaachie kabisa. Nakala inatosha.

Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Tena makato yote kwa jumla hayafai kuzidi thuluthi mbili za mshahara, kwa hivyo hata wakikudai hawawezi kukufagilia mshahara wote.

Muuguzi Kakamega:
Uliza pia habari ya sindano na visu. Wewe ndiwe unayepokea trei zenye vitu vikali vilivyosahaulika ndani. Glovu nzito, aproni na miwani ni juu ya mwajiri, usikatwe hata shilingi. Chanjo ya homa ya ini B, dozi 3, uanze mapema. Ukidungwa, osha kwa maji na sabuni, ripoti saa hiyo hiyo. Dawa za kuzuia HIV huanzwa kabla ya saa 72 kupita, na unazimeza siku 28.

Dada wa Kondele:
Asanteni sana. Nimewapigia, nakala ya cheti wameikubali. Kuhusu pesa wameniita Jumatatu. Nitaomba hesabu ya mafunzo kwa maandishi, na idadi ya zamu za usiku kwa mwezi. Mama nimemsomea majibu yenu, amesema atanisindikiza.