Mashine ya ndani imelala miaka: niifufue kwanza au niuze boti ilivyo?

Mwana wa Wete: Assalaam aleikum wana bahari. Boti ya marehemu baba, ya faiba, iko juu nchi kavu hapa Wete tangu alipoacha kuvua. Mashine ni Yanmar ya ndani, ya dizeli. Ni mali ya mirathi, ndugu tumekubaliana iuzwe tugawane. Niifufue mashine kisha niuze, niuze ilivyo, au niitoe na kuuza bodi tupu, mnunuzi apachike mashine ya nje?

Fundi wa Malindi: Waaleikum salaam. Kabla hujachagua, jua hali yake, na hilo halina gharama. Usiguse stata! Tia spana kwenye boliti ya puli ya krenki, uzungushe kwa mkono taratibu. Ikienda mzunguko mzima, una mashine. Ikigoma, usilazimishe. Toa nozeli (zinazopuliza dizeli kwenye silinda), mimina dizeli na oili ya giaboksi kidogo kila silinda, iache siku kadhaa, kisha ichezeshe mbele na nyuma mpaka ilegee. Ringi za pistoni zilizoshikwa na kutu ukizipiga stata zinakatika. Na kabla ya kurudisha nozeli zungusha tena mafuta yote yatoke, maana yakibaki juu ya pistoni hayabanwi, yatapinda koni rodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki). Tizama na kijiti cha oili. Ikiwa nyeupe kama tui, maji yameingia.

Bin Mkoani: Mimi ningeuza ilivyo. Spea mpaka uagize Dar, fundi umlipe, na ndugu wanasubiri haki yao. Mwambie mnunuzi ukweli, upunguze bei, yaishe.

Nahodha Tumbatu: Bin Mkoani, ikiwa imekwama kabisa nakubaliana nawe. Lakini ikizunguka, kuuza ilivyo ni kuitupa mali ya mayatima. Mnunuzi akiona mashine kimya anaihesabu chuma chakavu, hata kama ni nzima. Kazi yenyewe si kubwa: mwaga dizeli yote ya zamani, safisha tenki (chini utakuta maji na utelezi mweusi), filta mpya, oili mpya, kisha toa upepo kwenye njia ya mafuta. Impela (feni ya mpira ndani ya pampu ya maji) badilisha bila kuuliza, mpira ukikaa miaka unakauka na kukatika.

Fundi wa Malindi: Naongeza. Ukiijaribu majini, funga koki ya maji ya bahari wakati unapiga stata. Isipowaka na wewe unaendelea kupiga, maji yanajaa bomba la moshi na kurudi kwenye silinda. Mashine ikishika tu, fungua koki hapo hapo.

Mwana wa Wete: Na kuitoa je? Kaka yangu ndiyo anayoitaka.

Nahodha Tumbatu: Hiyo ndiyo mbovu kuliko zote. Tundu la shafti lazima lizibwe kwa faiba, na ubao wa tezi (wa nyuma) wa boti ya mashine ya ndani mara nyingi haukujengwa kubeba mashine ya nje. Utaimarisha kwanza, gharama juu ya gharama.

Mwana wa Wete: Nimetia spana asubuhi hii. Imezunguka, nzito lakini imezunguka!

Fundi wa Malindi: Alhamdulillahi. Basi ijaribu hapo juu kwanza kwa pipa la maji, halafu ngoja bamvua, maji makubwa, uishushe. Mnunuzi akija asikute umeshaipasha moto. Mwache aishike kwa mkono, ahakikishe ni baridi, ndipo uiwashe mbele yake, aone inawaka ikiwa baridi.