Mfalme wangu anaona maono ya mwisho wa dunia yake, nimekwama. Naombeni ushauri

Wino_Mweusi (mleta uzi)
Wakuu, habari zenu. Hii ni wiki ya tatu sipati usingizi, nimeona nililete hapa.

Naandika hadithi ya katuni. Mimi maneno, mwenzangu michoro. Mhusika mkuu ni mfalme, na ni shujaa mwenye nguvu za ajabu: pigo lolote likimpata halimdhuru, linazama mwilini kama maji kwenye mchanga. Risasi, radi, moto, vyote anameza. Ametawala miaka thelathini na mji wake haujadondoka hata tofali.

Sasa ameanza kuona maono. Akifumba macho tu, dunia yake inateketea: nuru nyeupe, halafu bahari inachemka, halafu kimya. Kila usiku maono yanarudi, na kila usiku yanaongezeka kidogo.

Toleo la tatu lina kurasa 26, zimeshachorwa zote na mchapaji anasubiri. Linalofuata ndilo limenishinda. Mfalme awaambie watu wake anachokiona, au anyamaze?

Kiti_cha_Mbele
Nimewahi siti. Wenye ujuzi wanakuja, vuta subira mkuu.

Sauti_ya_Jangwani
Ndugu yangu, jibu lilishaandikwa zamani. Mfalme wa Misri aliota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda. Biblia inamwita Farao, Qurani inamwita mfalme tu. Hakunyamaza na ndoto yake. Aliita wenye hekima, wakashindwa, na aliyekuja kumfasiria ni Yusufu, mfungwa, akitolewa gerezani. Mfalme alisikiliza, nafaka ikawekwa akiba miaka saba ya shibe, watu wakaokoka na njaa. Wako ana mtu wa kumfasiria?

Wino_Mweusi
Yupo. Bibi mmoja mtunza kisima, naye anaona maono yale yale. Kwa sasa amefungwa, ila hilo lina sababu zake, tusitoke kwenye mada.

Sauti_ya_Jangwani
Amefungwa na nani?

Wino_Mweusi
Na mfalme.

Mzee_Kifimbo
Vijana, mnakimbilia maandiko wakati mtu hajalala. Mimi nilisumbuliwa na ndoto moja karibu miaka miwili: nashuka ngazi gizani, na ngazi haziishi. Nikaenda kwa watu wa dua, nikabadilisha kitanda, nikahama hadi chumba. Kumbe wakati ule nilikuwa namuuguza baba, naamka kila baada ya saa moja kumgeuza. Baba alipopata nafuu nikalala usiku mzima, na zile ngazi sijaziona tena mpaka leo. Mfalme wako anabeba mji mzima peke yake. Mpe usiku mmoja wa kulala, mengine yatafuata.

Kumbukumbu
Namheshimu Sauti, lakini si kila maono ni ya Yusufu. Mwaka 1856 binti wa Kixhosa, huko Afrika Kusini, aliyeitwa Nongqawuse alisema ametokewa na mizimu: watu wachinje ng'ombe wao na kuacha kulima, wafu watafufuka na wageni watafagiliwa baharini. Mfalme Sarhili aliamini, akaamuru. Waliuawa ng'ombe wapatao 400,000, na kufikia 1857 makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekufa kwa njaa. Pale kilichoua watu ni kuyatii yale maono. Kwa hiyo kabla mfalme hajamwambia mtu yeyote, ajue kwanza anachokiona ni kitu gani.

Msomaji_wa_Katuni
Mkuu, mfalme shujaa si mgeni. T'Challa, yule Black Panther mfalme wa Wakanda, yupo tangu Julai 1966. Na dunia inayolipuka tumekuwa nayo tangu Juni 1938, Superman alipokuja kama mtoto aliyetumwa kutoka sayari inayokufa. Kwa hiyo usitegemee mlipuko wenyewe utushtue. Tuambie cha kwako ni nini ambacho hatujakiona.

Fundi_Nyota
Mimi niko upande wa anga, acha nijibu kwa nilichosomea. Nuru nyeupe, bahari kuchemka: hicho ni kimondo. Jiwe la upana wa kilomita kama 10 lilianguka Chicxulub, Meksiko, miaka milioni 66 iliyopita, na dinosaria wakaishia hapo, wakabaki ndege. Dawa yake ni kuwahi. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo kiitwacho DART kilijigonga kwa makusudi kwenye Dimorphos, kijimwezi kinachozunguka jiwe kubwa zaidi la angani. Mzunguko wake ulikuwa unachukua saa 11 na dakika 55, ukapungua kwa dakika 32 hivi. Jiwe ukiliwahi miaka mingi kabla, msukumo mdogo unatosha kulikosesha shabaha. Ukingoja mpaka linaonekana kwa macho, umechelewa. Mfalme aweke watu wa kuangalia anga usiku na mchana.

Wino_Mweusi
Nashukuru mkuu, umeeleza vizuri sana. Ila kimondo kilishakuja toleo la pili. Alikipokea kifuani, akakimeza.

Fundi_Nyota
Alikimeza? Cha ukubwa gani?

Wino_Mweusi
Kama mlima.

Fundi_Nyota
Subiri kwanza. Nishati haipotei, inabadilika sura tu. Risasi, radi, moto, miaka thelathini, juu yake umeweka na mlima kutoka angani. Vyote hivyo viko wapi sasa hivi?

Wino_Mweusi
Hilo ni la kisayansi zaidi, wasomaji hawalifuati sana. Swali langu ni awaambie watu wake au anyamaze.

BintiMaktaba
Mleta uzi, mjibu Fundi. Ameuliza jambo dogo sana nawe umeruka pembeni. Tangu juzi hakuna hata mara moja uliyotaja nuru hiyo inatoka wapi.

Kiti_cha_Mbele
Hapo kweli. Jibu mkuu.

Wino_Mweusi
Haya. Viko ndani yake bado. Havijatoka hata kimoja.

Kwenye maono, nuru inatoka kwake. Usiku wa kwanza anaona mwanga tu. Usiku wa kumi na moja anaona mikono iliyoushika, na kidole kimoja kina pete ya kifalme.

Najua mtasema nini. Lakini jamani, mfikirieni na yeye. Bibi alikuja barazani mbele ya watu akasema "ni wewe". Angemwacha atembee na neno hilo sokoni? Watu wangemkimbia mtu pekee anayewakinga. Na kuacha kumeza hawezi, akiacha siku moja tu mji unavunjwa. Nimeshampangia toleo linalofuata: anakwenda peke yake kwenye mlima wa volkano unaotaka kulipuka, anaumeza, watu wanapona. Nafikiri ni uamuzi wa kishujaa.

Fundi_Nyota
Umemwongezea volkano!

BintiMaktaba
Kuna mfalme mmoja wa Lidia, nchi ya kale iliyokuwa Uturuki ya leo, aliitwa Croesus, habari zake aliziandika Herodotus, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale. Aliota mwanawe atauawa kwa ncha ya chuma. Akamzuia asiende vitani, na mikuki yote ukumbini akaiondoa ukutani isije ikamdondokea. Siku ikatokea nguruwe mwitu anaharibu mashamba, kijana akaomba kwenda kuwinda, akasema nguruwe ana meno, hana mkuki. Baba akakubali, na kwa hofu akampa mlinzi, mgeni aliyekuwa amempokea nyumbani kwake. Mkuki wa mlinzi yule yule ukamkosa nguruwe ukampata kijana.

Nimekuletea kisa hiki kwa sababu ya ile mikuki ya ukutani. Croesus alishughulika na kila chuma alichokiona. Mfalme wako hata hilo hajafanya. Amemwondoa aliyeota, chuma amekiacha kifuani.

Sauti_ya_Jangwani
Na mfalme wa Misri mfungwa alimtoa. Wako anamwingiza. Tafakari.

Wino_Mweusi
Mnamhukumu kama ni mtu mbaya. Si mtu mbaya.

Pini_Mbili
Samahani, mimi nafanya kazi ya uchapaji na uzi huu naona una kasoro tangu mwanzo. Naomba niseme wazi: nadhani hii ni chai. Hakuna katuni, hakuna mchoraji, hakuna mchapaji anayesubiri. Mtu anataka tumtungie hadithi bure.

Sababu yangu ni hii. Kijitabu cha katuni kinachobanwa kwa pini katikati, kila karatasi ikikunjwa inatoa kurasa nne. Kwa hiyo hesabu huenda 20, 24, 28, 32. Unasema kurasa 26, zimechorwa zote, ziko tayari. Kurasa 26 hazikunjiki. Aliyewahi kukanyaga kiwandani hata siku moja anajua.

Kiti_cha_Mbele
Duh. Kumbe tumelishwa matango pori siku tatu.

Msomaji_wa_Katuni
Na mimi nilikuwa nimeshaanza kumpenda yule bibi wa kisima. Mleta uzi njoo, usikimbie uzi wako.

Mzee_Kifimbo
Msimrukie kijana. Aeleze.

Wino_Mweusi
Sijakimbia. Nimekaa nimeitazama meseji ya Pini saa nzima.

Zilikuwa 28. Nimeondoa mbili, wa 19 na wa 20, jani moja. Nawaeleza zilivyo ili mjue zipo.

Ukurasa wa 19 ni asubuhi. Mfalme ameinama kunawa uso, beseni la shaba, maji yametulia kabisa. Kisanduku cha mwisho vidole vinagusa maji. Msomaji anafungua jani, na wa 20 ni mchoro mmoja unaojaza ukurasa mzima: maji yanafuka mvuke kuzunguka vidole, na ndani ya beseni unaonekana uso wake. Mchoraji hakutia wino kwenye uso ule. Kila kitu kina wino, shaba, pete, kucha, hata nyufa za sakafu. Uso ameuacha karatasi tupu. Ndiyo ile nuru.

Nilipouona nikafunga daftari. Nimeishi na mfalme huyu miaka minne, nilitaka abaki mtu anayeokoa. Nikamwambia mchoraji mchapaji ameomba tupunguze kurasa mbili.

Pini_Mbili
Sasa nakuamini, na nakuomba radhi kwa kukuita mwongo mbele ya watu. Lakini kuna jambo inabidi ulisikie. Kurasa 28 ni karatasi saba kamili. Hakuna mchapaji atakayekwambia uondoe mbili hapo, angekuwa anajiharibia kazi mwenyewe. Mchoraji wa katuni anaijua hesabu hiyo kama anavyojua jina lake. Alijua unamdanganya tangu dakika ile.

BintiMaktaba
Mpigie.

Wino_Mweusi
Nimempigia, ndiyo natoka kwenye simu sasa hivi.

Alijua. Amesema hata hakuhitaji kuhesabu. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, akanijibu alikuwa anasubiri nimwambie mimi. Wiki tatu alikuwa anasubiri, na wiki tatu mimi nilikuwa namkwepa, nikidhani ananichukia kwa sababu nimepoteza kazi yake. Uso ule aliuchora kwa wino mara mbili, akaubandua, mara ya tatu ndiyo akauacha mtupu. Nakala ya jani lile amelihifadhi kwenye bahasha, halijakunjwa.

Linarudi mahali pake, wa 19 na wa 20. Volkano nimeifuta. Toleo la nne linaanza na mfalme akishuka ngazi za gereza mwenyewe, bila taji, amebeba beseni. Atakachomwambia bibi bado sijakipata, naandika nafuta.

Fundi, nisaidie hili moja. Akianza kuitoa nishati ile kidogo kidogo, pole pole, pasipo kumuunguza mtu, itamchukua muda gani kuimaliza?

Fundi_Nyota
Inategemea na ule mlima wa toleo la pili. Nipe upana wake na kasi uliyomwandikia alipoupokea, nikupigie hesabu usiku huu.

Mzee_Kifimbo
Na yule bibi apelekewe blanketi. Gerezani kuna baridi.