Mama anatumia amiodaroni, sasa anaona duara za rangi kwenye taa

Muulizaji, Tanga
Salaam ndugu zangu. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 68, ana tatizo la mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, na kwa miaka kadhaa amekuwa akimeza amiodaroni ya miligramu 200 kila siku. Siku hizi analalamika kwamba usiku taa za magari zimezungukwa na duara la buluu na kijani, ingawa mchana, akivaa miwani yake, bado anatunga uzi kwenye sindano bila kuomba msaada. Jirani amemwambia kwamba dawa ya moyo inapofusha, naye sasa anataka kuiacha. Je, tumpeleke kwa daktari wa moyo au wa macho?

Mhudumu wa kliniki ya macho
Jirani ana chembe ya ukweli, lakini ametia chumvi. Karibu kila anayetumia amiodaroni kwa muda mrefu hupata mabaki ya dawa kwenye konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Tukimwangalia kwa darubini tunaona mistari ya kahawia iliyotawanyika kutoka sehemu moja, mfano wa sharubu za paka. Wengi hawahisi lolote, na wachache huona duara kama hizo au huumizwa na mwanga mkali. Mistari hiyo haipofushi, na dawa ikisimamishwa hufifia ndani ya miezi kadhaa.

Kinachotutia wasiwasi ni jambo jingine, nalo ni nadra: kudhurika kwa neva inayopeleka picha kwenye ubongo. Mgonjwa huona ukungu unaozidi, rangi hupauka, au sehemu ya anachokitazama huingia giza, na uoni huo huenda usirudi. (Wataalamu bado wanabishana kama kosa ni la dawa au ni la maradhi ya mishipa ambayo wagonjwa hao tayari wanayo.) Kwa hiyo achunguzwe neva na apimwe presha ya macho, ambayo ikipanda ghafla nayo huleta duara za rangi, jicho likiuma na kuwa jekundu, hiyo ni dharura.

Mfamasia
Tafadhali asiiache kwa uamuzi wake. Amiodaroni hukaa mwilini kwa wiki nyingi baada ya kidonge cha mwisho, hivyo kuiacha leo hakutasafisha macho kesho, ilhali mapigo yanaweza kuvurugika tena wakati ambapo hakuna anayemfuatilia. Daktari wa moyo ndiye atakayeamua, akiwa na maandishi ya daktari wa macho mkononi.

Anatumia dawa gani nyingine? Nauliza hasa kuhusu digoksini, dawa nyingine ya moyo, kwa sababu amiodaroni hupandisha kiwango chake katika damu, na kwa kawaida dozi ya digoksini hupunguzwa hadi nusu dawa hizo zinapotumiwa pamoja.

Muulizaji, Tanga
Nimefungua mfuko wake. Ndani kuna digoksini, aliyoandikiwa hivi karibuni na daktari mwingine, pamoja na furosemidi, ile dawa ya kuongeza mkojo. Nilipomdadisi zaidi amesema kwamba hata shuka jeupe analiona lina umanjano, na kwamba chakula kimemkinai.

Mfamasia
Hayo yanabadilisha jibu langu. Umanjano kwenye vitu vyeupe, pamoja na kukosa hamu ya kula, ni dalili za digoksini iliyozidi mwilini. William Withering wa Uingereza, aliyewatibu wagonjwa kwa mmea ambao dawa za jamii hii zilitokana nao, aliandika mwaka 1785 kwamba waliopewa mmea huo kwa wingi huona vitu kuwa vya kijani au manjano. Furosemidi hupunguza madini ya potasiamu mwilini, jambo linaloongeza makali ya digoksini, na figo za mtu wa umri mkubwa huitoa digoksini polepole.

Usisubiri miadi ya macho. Mpeleke leo hii kwenye hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, na asimeze kidonge kingine cha digoksini hadi daktari amwone. Omba apimwe potasiamu, figo na kiwango cha digoksini, kisha weka mezani mfuko wote wa dawa, hata maboksi matupu, ili kila daktari aone alichoandika mwenzake.

Mhudumu wa kliniki ya macho
Naunga mkono. Konea itasubiri, mlete kwetu akisharuhusiwa.