Tupeane uzoefu: tamthilia na tenzi za kale kwa watoto, kwa dondoo zenye picha

Wazazi na walimu wenzangu, mnawaanzisha vipi watoto? Mimi nashikilia jambo moja: dondoo iwe fupi, ila maneno yake yasiguswe. Mwaka 1807 Charles na Mary Lamb waliwaandikia watoto tamthilia za Shakespeare kama hadithi, wakasaidia wengi, lakini mtoto hapati kumsikia mhusika akisema. Picha imsaidie pale lugha inapompita.

Naanza na makasha matatu ya Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya 1969: moja la dhahabu, moja la fedha, moja la risasi (ile metali), na mposaji lazima achague moja. Naonyesha picha ya makasha yamefungwa, watoto wachague kwanza. Binti yangu alishika la dhahabu bila kufikiri. Nikamsomea Mwanamfalme wa Moroko anavyojishauri, naye akachagua lilelile. Kufungua, fuvu! Hapo alitaka nisome hadi la risasi, maneno magumu na yote.

— Mama K: Mie na Macbeth wa Shakespeare, pale anapoona jambia hewani. Chagueni picha kwa uangalifu jamani. Kitabu chetu kimelichora kabisa, mwanangu akasema, "Si lile pale!" Utamu wote umekwisha, maana Macbeth mwenyewe hajui kama lipo. Sasa nalifunika kwa karatasi, namwachia uso wa Macbeth na mkono wake ulionyooshwa. Anauliza, "Anashika nini?" Namjibu kwa kusoma.

— Mwalimu wa darasa la nne: Kwangu ni Utendi wa Mwanakupona, wa 1858, wasia wa mama kwa bintiye. Picha ni mama na bintiye wameketi karibu, basi. Tunapiga makofi kwa kila mizani: Ne-ge-ma-wa-ngu-bi-n-ti. Wengi huhesabu saba, wakabishana, mpaka mmoja agundue kwamba ile "n" inasimama peke yake. Nane! Baada ya hapo hawakubali kipande chochote kipite bila kuhesabiwa. Maana ya beti huja polepole, wala siiharakishi.

— Babu wa wajukuu: Kwa walio chini ya miaka sita, mimi bado nasimulia kisa kwanza. Dondoo inafuata kesho yake.

Babu, kwa umri huo nakubaliana nawe. Mwalimu, hayo makofi nayachukua. Je, kuna aliyejaribu tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein na watoto wa miaka kumi hivi? Atuambie alianzia onyesho lipi, na picha alipata wapi au walichora wenyewe.