Mada: MX-5 ya mtumba, ya kwendea kazini na ya saketi (uwanja wa mbio za magari). Nianzie wapi?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi.

Gari ni Mazda MX-5 NB (kizazi cha pili) ya 1.8, modeli ya 2001, gia za mkono, kilomita 148,000. Siku za wiki ni ya kwendea kazini. Saketini itaingia siku nne au tano kwa mwaka, zile siku za wazi ambazo unalipia muda wako na hakuna mashindano. Ushauri ninaopewa mpaka sasa ni turbo, rimu za inchi 17, na kulishusha mpaka lilambe lami. Bajeti haitoshi vyote. Kipi kitangulie?

*

> turbo, rimu za inchi 17, na kulishusha

Marahaba mdogo wangu. Vyote vitatu weka kando kwanza.

Gari hilo lina tani moja na kidogo tu. Kinachoanza kulishinda saketini ni joto: la breki, la tairi na la maji ya injini. Ukiongeza nguvu kabla ya kumaliza hayo, unaongeza joto mahali ambapo tayari limezidi.

Kabla hujanunua kifaa hata kimoja, lipandishe kwenye stendi nne, lala chini na tochi. NB inaoza sehemu mbili. Ya kwanza ni vizingiti vya chini ya mlango, pale karibu na tairi ya nyuma. Maji ya paa la turubai hushuka kwa vijifereji viwili nyuma ya milango. Vikiziba kwa majani na uchafu, maji yanabaki ndani ya kizingiti na chuma kinalika kutoka ndani. Kwa nje rangi inang'aa kama kawaida. Ya pili ni mbaya zaidi: boriti mbili za chasisi za mbele, zile zinazobeba saspensheni. Zigonge kwa mpini wa bisibisi, kipande kwa kipande. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya boksi la karatasi. Ukiisikia hiyo, bajeti yote iende kwa mchomeleaji na saketi isubiri mwakani.

Ukiwa bado hapo chini, shika kila tairi juu na chini uitikise, kisha kushoto na kulia. Ulegevu wowote ni boljointi, bearing au ncha za usukani. Angalia pia kama bati la plastiki chini ya injini bado lipo. Magari mengi ya mtumba yameshalipoteza, na watu hawajui kwamba ndilo linalolazimisha upepo upite kwenye rejeta badala ya kukimbilia chini.

Rejeta yenyewe ina matangi ya plastiki juu. Mapya ni meusi. Yakishageuka rangi ya kahawia au kijani kilichochakaa, yako karibu kupasuka, na hupasuka pale maji yakiwa ya moto kuliko siku zote. Badilisha rejeta, mipira yote na thamostati kwa pamoja. Injini hii kwa asili ilibuniwa kulala kiubavu kwenye magari ya kuvuta kwa mbele. Kwenye MX-5 mdomo wa kutolea maji ulihamishiwa mbele, na silinda ya 4, iliyo nyuma kabisa, ikawa inapata maji yanayozunguka kwa uvivu. Wenye turbo huurudisha mdomo huo nyuma. Bila turbo, kwa siku tano kwa mwaka, rejeta nzima na bati la chini vinatosha.

Oili ya injini inaingia chini kidogo ya lita 4. Saketini iwe kwenye alama ya juu ya kijiti, si katikati: kona ndefu inasukuma oili upande mmoja wa karteri (bakuli la oili chini ya injini) na pampu inaweza kuvuta hewa. Petroli nayo usiiache ishuke chini ya robo tangi, kwa sababu hiyo hiyo.

*

Nakubaliana na kaka. Mimi niongeze breki, maana hapo ndipo wengi wanapokosea.

Breki zikikataa saketini, sikiliza mguu wako. Pedali ikiwa laini na kuzama, mafuta ya breki yamechemka: kuna mvuke ndani ya mabomba, na mvuke unabonyea. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe lakini gari halipungui, pedi ndizo zilizopita kiwango chao cha joto. Ni maradhi mawili tofauti. Kubadilisha pedi hakutatui la kwanza, na mafuta mapya hayatatui la pili.

Mafuta kwanza, ndiyo rahisi. Daraja la mafuta huandikwa kwenye chupa. DOT 4 yakiwa mapya, kiwango cha chini cha kuchemka ni nyuzi 230. Yakishanyonya unyevu ni 155 tu. DOT 5.1 ni 260 na 180. Yanyonya unyevu hata gari likiwa limeegeshwa, kwa hiyo yaliyokaa miaka mitatu hayafai saketini hata kama rangi yake bado ni safi. Nunua lita moja, yatoshe kusukuma ya zamani yote nje. DOT 5 usiiguse: hiyo ni silikoni, haichanganyiki na hizo nyingine, na jina lake linawachanganya watu kila siku.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu ya breki. Mmoja anakanyaga polepole na kushikilia, mwingine anafungua nipo (skrubu ya kutolea upepo kwenye gurudumu) robo mzunguko, anafunga, ndipo pedali inaachiwa. Ikiachiwa nipo ikiwa wazi, umevuta hewa na unaanza upya. Kopo la juu la mafuta ya breki lisikauke hata mara moja. Na kwenye gari la zamani usikanyage pedali mpaka sakafuni: ndani ya silinda kuu kuna sehemu ambayo mpira haujawahi kufika, ina kutu na uchafu, nao unachana mpira. Weka kipande cha mbao chini ya pedali kiizuie. Wengi humaliza kutoa upepo, kesho yake pedali inazama, wanalaumu mafuta.

Pedi: chagua za barabara na saketi, si za mashindano. Za mashindano zikiwa baridi hazishiki, na wewe asubuhi unakwenda kazini. Zikibaki milimita 5 usiingie nazo saketini. Pedi nyembamba inapitisha joto moja kwa moja kwenye kalipa (kifaa kinachobana pedi) na mafuta. Diski za kawaida zisizo na matundu zinatosha. Zenye matundu hupata nyufa zinazoanzia kwenye matundu yenyewe.

Pedi mpya lazima zilainishwe na diski. Barabara tupu: punguza kutoka kilomita 100 hadi 20 kwa saa, mara 8 hadi 10, kwa nguvu ya wastani, bila kusimama kabisa. Kisha endesha dakika kumi bila kugusa breki.

*

Swali dogo kwa kaka wa breki: baada ya siku moja ya saketi usukani unatetemeka ukipiga breki barabarani. Fundi anasema diski zimepinda, zote mbili zitupwe. Ni kweli?

*

> diski zimepinda

Mara nyingi hazijapinda. Dereva ametoka saketini breki zikiwa za moto, amesimama piti (maegesho ya saketi) mguu ukiwa kwenye pedali. Pedi ya moto iliyobana sehemu moja inaacha tabaka lake pale, na kila diski ikizunguka, pedi inapanda kilima hicho kidogo. Jaribu kwanza kurudia ule mpango wa kulainisha, mara kumi. Mara nyingi tabaka linasawazika. Ukishindwa ndipo upime kwa geji.

Kinga yake: mzunguko wa mwisho uwe wa taratibu, breki kidogo kabisa. Ukifika piti tia gia, weka kabari kwenye tairi, na handbreki usiivute.

*

Habari zenu. Naona hakuna aliyegusa tairi na saspensheni, nami nitapingana kidogo na utaratibu wenu. Baada ya breki, fedha inayofuata iende kwenye tairi na kupanga magurudumu, kabla ya springi zozote.

Rimu za inchi 17 kwenye NB ni nzito na hazina faida. Baki na 15, upana wa inchi 7, tairi 195/50 au 205/50. Matundu ni manne kwa milimita 100, tundu la kati ni milimita 54.1. Rimu yenye tundu kubwa zaidi inahitaji pete ya kujazia, la sivyo itatetemeka kwenye barabara kuu hata baada ya kubalansi. Kwenye tairi za mtumba soma namba nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikishapita miaka sita au saba mpira umekuwa mgumu, hata kama kashata (meno ya tairi) ziko juu.

Kupanga magurudumu ndiko mabadiliko makubwa kwa fedha ndogo. Kwa matumizi yako: kemba (tairi kulalia ndani kwa juu) ya mbele nyuzi 2, nyuma 1.5, tairi za mbele zitazame mbele sawasawa, za nyuma pua ziingie ndani milimita 2 kwa jumla. Mwambie fundi akupime wewe ukiwa umekaa ndani, au aweke uzito wako kwenye kiti, tangi likiwa nusu.

Sasa kikwazo. Mikono ya chini inapangwa kwa bolti zenye vipande vya duara ambalo tundu lake haliko katikati, na kwa gari la umri huo bolti hizo zimeshikana na bushi kwa kutu. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu jioni, siku tatu mfululizo, kabla ya kwenda. Zikikataa usilazimishe. Zinakatwa kwa gurainda, unafunga bolti na bushi mpya. Uwe umeziagiza mapema, la sivyo gari linabaki kwenye lifti ya gereji ya watu.

Kushusha: milimita 25, zaidi ya hapo hapana. NB haina nafasi nyingi ya kucheza, hasa nyuma. Ukilishusha sana linakaa juu ya raba za kikomo, na katikati ya kona tairi inaachia ghafla bila kukupa taarifa. Springi fupi kwenye shokapu zilizochoka ni mbaya kuliko springi za kiwandani kwenye shokapu mpya.

*

Asante dada. Mimi ni la makaratasi na usalama.

Bima: kila badiliko lipeleke kwa maandishi na usubiri jibu kwa maandishi. Bima ya barabarani kwa kawaida haikulindi saketini. Walioko Ujerumani wawe makini mara mbili: springi au rimu zisizo na hati na zisizoingizwa kwenye kadi ya gari zinaweza kufuta kibali cha gari kutembea. Na Nordschleife (saketi ndefu ya Nürburgring) siku za watalii kisheria ni barabara ya kulipia, sheria za barabarani zinatumika, kupitana kwa kulia ni marufuku, lakini bima nyingi bado huitaja kama zuio. Soma mstari kwa mstari. Walioko Uingereza, mkitoa kichujio cha ekzosti (katalisti) gari halitapita MOT, ule ukaguzi wa lazima wa magari.

Gari lisilo na paa linahitaji rolba, lile bomba la kinga nyuma ya viti. Kaa ndani umevaa helmeti, mtu alaze ufito mnyoofu kutoka juu ya rolba hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele. Helmeti iwe chini ya ufito kwa sentimita 5. Ukigusa, shusha kiti, maana rolba fupi haimtoshi mtu mrefu. Keji nzima (mabomba kuzunguka chumba chote) usiweke kwenye gari la kazini: bila helmeti, bomba hilo ndilo litakalokupasua kichwa. Mikanda ya mabega miwili nayo isitangulie rolba, inakushikilia wima wakati kioo kinaporomoka.

Kelele: saketi nyingi hupima nusu mita kutoka mdomo wa ekzosti, kwa pembe ya nyuzi 45, injini ikiwa robo tatu ya mzunguko wake wa juu. Uliza kiwango chao kabla hujalipia.

*

Nashukuruni sana. La mwisho: upepo wa tairi siku yenyewe?

*

Anza na 1.9 bar tairi zikiwa baridi. Ukitoka tu, kabla ya kuvua helmeti, pima. Unatafuta 2.1 hadi 2.2 zikiwa za moto. Zikizidi, punguza hapo hapo, na jioni jaza tena kabla ya kushika barabara kuu. Kati ya vipindi angalia kijiti cha oili, na nati za rimu zikishapoa zikaze tena kwa Nm 110. Zikiwa za moto ziache.