Tupeane uzoefu: uliponunua kitu cha kale dukani, ulijuaje kuwa ni cha kale kweli?

Mleta mada, Dar es Salaam

Wanajamvi, ninaomba tupeane uzoefu kuhusu ununuzi wa vitu vya kale katika maduka ya kwetu, hasa yale ya Mji Mkongwe wa Unguja, Mji wa Kale wa Mombasa na Lamu. Sitaki tujadili bei peke yake, kwa kuwa bei hupatana wawili. Ningependa kila mmoja aeleze ni alama gani iliyomthibitishia kwamba kitu alichokishika ni cha zamani, wala si kazi ya juzi iliyopakwa masizi.

Ninaanza mimi. Nilikuwa nikitafuta kasha la njumu, lile la mbao lililopigwa misumari na vipande vya shaba, ambalo bibi harusi wa pwani alikuwa akitilia nguo, dhahabu na manukato yake. Katika duka moja la Mji Mkongwe palikuwa na makasha mawili yaliyofanana kwa sura, na muuzaji, kijana mwenye maneno matamu, aliyasifu yote mawili kuwa yalitoka Surat, India, karne mbili zilizopita. Neno hilo lilikuwa na asili yake, maana makasha mengi ya aina hiyo yaliletwa kwa majahazi kutoka Surat, Bombay na Ghuba ya Uajemi, ila mafundi wa Unguja nao waliyaiga na wanayaiga hadi leo. Nikamwomba anisaidie kuyasogeza kutoka ukutani ili tuyatazame mgongo.

Hapo ndipo yalipoachana. La kwanza lilikuwa na njumu mbele na kwenye kifuniko, lakini mgongo wake ulikuwa mbao tupu, nadhani kwa sababu fundi hakuona haja ya kupoteza shaba mahali ambapo ukuta ungeificha. Chini yake, mbao za msaji zilikuwa na michirizi ya msumeno wa mkono, iliyonyooka lakini isiyolingana, na vichwa vya misumari vilitofautiana kwa ukubwa. Droo zake tatu za chini zilikuwa zimelika upande mmoja kwa kuvutwa, na bawaba moja ilikuwa imebadilishwa, jambo ambalo muuzaji alilionea haya ilhali mimi lilinifurahisha. Kasha la pili lilikuwa na michirizi ya mviringo, ambayo ni alama ya msumeno wa mashine. Misumari yake ililingana kama iliyotoka katika pakiti moja, na nilipopitisha kitambaa chenye maji ndani ya kifuniko, weusi wote ulihamia kwenye kitambaa. Sisemi kwamba kasha jipya ni baya. Fundi wake alikuwa hodari, na mtu anaweza kulinunua kwa fahari, mradi alipie bei ya kasha jipya. Nililichukua lile lenye bawaba iliyobadilishwa, na bawaba hiyo ndiyo iliyonipatia punguzo.

Mchangiaji wa Mombasa

Shukrani, kaka. Mimi hukusanya vyombo vya udongo, na kawaida yangu ni hiyo hiyo ya kugeuza. Bakuli moja kubwa, lenye maua mekundu na ya kijani yaliyogongwa kwa muhuri, lilikuwa limebandikwa kikaratasi kinachosema ni kaure ya Kichina. Nililiinua kwenye mwanga wa mlangoni: kaure nyembamba hupenyeza mwanga kidogo, na lile halikupenyeza hata chembe. Kwenye kitako palikuwa na muhuri uliofifia wa kiwanda cha Petrus Regout cha Maastricht, Uholanzi. Kwa kuwa muuzaji alikuwa na umri wa baba yangu, nilimwambia kwa adabu, "Mzee wangu, hili silo la China, hili limetoka Ulaya." Akacheka, akanijibu kwamba wateja huulizia China, naye huwapa wanachokiuliza.

Kwa maoni yangu, alikuwa akiificha habari iliyo bora zaidi. Vyombo vya Maastricht viliuzwa sana katika pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na vipande vyake huonekana hata katika uchimbuaji wa wanaakiolojia. Nilipopapasa ukingo wa kitako, ulikuwa umesagika na kuwa laini, na ndani ya bakuli palikuwa na mikwaruzo inayokatana ovyo. Mikwaruzo ya kughushi kwa msasa huelekea upande mmoja.

Mchangiaji wa Maskati

Assalaam alaykum. Ninaongeza jambo moja fupi kuhusu riale za Maria Theresa, zile sarafu za madini ya fedha, ambazo huku zinauzwa katika soko la Matrah na huko kwenu Unguja pia. Nimewasikia wanunuzi wakimkaripia muuzaji kwamba sarafu zake zote ni bandia kwa kuwa zote zimeandikwa 1780. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka huo, na sarafu yake iliendelea kupigwa kwa tarehe hiyo hiyo, Vienna na baadaye hata London, Roma na Bombay, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi walikataa sura nyingine. Kwa hiyo mwaka huo hauthibitishi ukale wala ughushi. Mimi huenda na mizani ndogo: riale kamili ina gramu 28 na kidogo, na haivutwi na sumaku.

Mchangiaji wa Tanga

Kwenye santuri, tafadhali msidanganyike na jina la Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab. Yeye alirekodi Bombay kuanzia 1928, na santuri za zama zile ni nzito, huzunguka mara 78 kwa dakika na hupasuka zikianguka. Ukiambiwa ni ya wakati huo, kisha ukaona inapinda mkononi, hiyo ni ya plastiki na imetolewa baadaye sana.

Mchangiaji wa Lamu

Mleta mada ameuliza habari za ukale, lakini huku kwetu ukale wenyewe huweza kukuzuia. Dada yangu aishiye ng'ambo alipenda kiti cha enzi cha mpingo, chenye mgongo wa kamba na vipande vyeupe vilivyopachikwa. Muuzaji alisema ni mfupa. Tulivitazama kwa lenzi: mfupa huwa na vitundu vidogo vyeusi, na pembe ya ndovu ikikatwa kwa upana huwa na mistari inayopishana. Tuliona mistari, tukakiacha, kwani biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa 1989.

Hata kisingekuwa na pembe, sheria ya Kenya ya 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu chochote cha kuhamishika kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895, na hakitoki bila kibali. Tanzania Bara nayo inalinda milango na fremu zilizonakshiwa kabla ya 1940. Mwenye duka alituuzia badala yake fremu ya kioo iliyochongwa kwa mbao za jahazi bovu, akaandika kwenye risiti kwamba ni kazi mpya, na hilo lilitusaidia uwanja wa ndege. Aliyewahi kuomba kibali chenyewe atueleze alianzia ofisi gani na aliambiwa apeleke picha za namna gani.