Kusoma historia ya ukoo katika postikadi za zamani walizotunza jamaa

Swali

Ndugu wanajumuiya, salaam.

Shangazi yangu, ambaye umri wake umekwenda sana, amenieleza kwamba anayo bahasha kubwa iliyojaa postikadi ambazo babu na ndugu zake walikuwa wakizipokea tangu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia hadi miaka ya 1950. Mimi ninaishi mbali naye, na aliye karibu naye ni binamu yangu, mwenye simu nzuri lakini asiye na subira. Picha chache alizonitumia zote ni za upande wa mbele: bandari, makanisa, bustani za maua. Kuhusu maneno ya nyuma anasema ni salamu tupu. Naomba kuuliza wenye uzoefu: je, kuna lolote la maana la kujifunza humo kuhusu ukoo, na nimwelekeze binamu afanye nini kabla shangazi hajaanza kuzigawa?

Jibu

Ndugu muulizaji, jambo la kwanza ni kumwomba binamu yako azigeuze kadi hizo. Picha ya mbele ilichaguliwa na mchapishaji, na jamaa yako huenda alinunua tu iliyobaki dukani siku ile. Lakini nyuma ndiko kwenye anwani, stempu, muhuri wa posta na mwandiko, na vitu hivyo vinne ndivyo vinavyoweza kuthibitisha kwamba mtu fulani alikuwa mahali fulani katika siku fulani. Kila kadi ipigwe picha pande zote mbili, kingo zote zikionekana, karibu na dirisha lenye mwanga wa mchana, tena kwa mfuatano uleule zilivyokaa ndani ya bahasha. Aliyezipanga hivyo pengine alikuwa na sababu yake, na zikishachanganywa sababu hiyo haitarudi.

Kuhusu tarehe, msikate tamaa mnapokuta mwandishi hakuiandika. Postikadi ilianza kutumika rasmi Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, na kwa miaka mingi upande mmoja uliachwa kwa anwani peke yake, kiasi kwamba mwenye la kusema alilazimika kulibana pembeni mwa picha. Mstari unaougawa upande wa nyuma, ujumbe kushoto na anwani kulia, uliruhusiwa Uingereza mwaka 1902, Ujerumani mwaka 1905 na Marekani mwaka 1907. Kwa hiyo maneno yaliyosongamana juu ya anga la picha, huku nyuma kukiwa na anwani tu, ni dalili nzuri ya kadi ya kabla ya miaka hiyo. Stempu nayo husaidia: sura ya mfalme wa Uingereza Edward VII inatuweka kati ya 1901 na 1910 au muda mfupi baadaye, George V aliyemfuata anatufikisha 1936, na stempu zinazotaja Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja hazikuwapo kabla ya 1935. Hata kiwango cha stempu kina habari, maana ndani ya Uingereza postikadi ilisafiri kwa nusu peni hadi mwaka 1918, ilipopanda na kuwa peni moja.

Kadi zilizo picha halisi za kamera, zilizosafishwa moja kwa moja juu ya karatasi ya postikadi, zichunguzwe kwenye kisanduku cha kubandikia stempu. Zile za karatasi ya AZO, iliyotumika sana Marekani, zina pembetatu ndogo kwenye kona za kisanduku hicho: zote nne zikielekea juu, karatasi hiyo kwa kawaida ni ya kati ya 1904 na 1918, mbili zikielekea juu na mbili chini, ni ya kuanzia 1918 hadi karibu na 1930. Kadi za namna hii ndizo za kutazamwa kwa makini kuliko zote, kwa sababu mara nyingi aliye pichani si mgeni bali ni mtu wa familia aliyekwenda studio. Lakini dalili zote za uchapaji hukueleza tu kwamba kadi haikuweza kuwapo kabla ya mwaka fulani. Ilitumwa lini ni swali jingine, kwa kuwa kadi huweza kulala dukani au mtotoni mwa meza miaka kumi kabla ya mtu kuiandika.

Sasa nije kwenye anwani, ambayo kwa maoni yangu ina thamani kuliko ujumbe wenyewe. Katika kadi za upande wa mama yangu ipo moja yenye picha ya gati na meli mbili, na ujumbe wake hauzidi mistari mitatu kuhusu mvua. Anwani ya kwanza, iliyoandikwa kwa wino, imekatwa kwa penseli ya buluu, na chini yake mkono mwingine, wenye herufi kubwa za haraka, umeandika anwani ya pili katika mji mwingine. Juu kabisa kuna mihuri miwili iliyopishana siku nne. Mtumaji hakujua kwamba mpokeaji amehama, lakini mtu fulani katika nyumba ya kwanza alijua alikohamia, na alimjali kiasi cha kuisogeza kadi mbele. Kutokana na mistari ile ya penseli tulipata uhamisho ambao hakuna mzee aliyewahi kuutaja, na tuliweza kupunguza tarehe yake hadi kwenye mwezi mmoja.

Anwani ikipatikana, iulizwe katika kumbukumbu nyingine. Sensa ya mwaka 1921 ya Uingereza na Wales ilifunguliwa kwa umma mwaka 2022, na ile ya Marekani ya 1950 ilifunguliwa mwaka huohuo. Zote zinatafutika kwa intaneti, na nyumba moja huweza kukuonyesha mpangaji, mwajiri au mke wa kwanza ambaye hamkuwa na habari naye. Chuo Kikuu cha Leicester kimeweka mtandaoni vitabu vingi vya zamani vya orodha ya wakazi na wafanyabiashara wa Uingereza na Wales. Mkiona neno Paquebot kwenye muhuri, kadi ilitiwa posta melini na kukabidhiwa bandarini, na hapo jina la meli, kama limetajwa, linaweza kuwapeleka kwenye orodha za abiria zilizomo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza, ambazo kwa safari za kutoka zinaanzia 1890 na kuishia 1960.

Kadi za wakati wa vita zina kanuni zake, na ni vyema kuzijua kabla ya kumlaumu babu kwa ubaridi. Jeshi la Uingereza lilitoa kadi maalumu yenye sentensi zilizochapishwa tayari, na askari alitakiwa kuzikata zisizomhusu na kuacha zile zilizo kweli: kwamba ni mzima, au amelazwa, au amepokea barua. Zaidi ya sahihi na tarehe hakuruhusiwa kuongeza neno, na kadi ilionya kwamba ikiongezwa kitu itaharibiwa. Kwa mateka wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imeweka mtandaoni kumbukumbu zake za wafungwa, nazo zinafaa kutafutwa kwa jina na kikosi.

Ama hizo zinazoitwa salamu tupu, kumbukeni kwamba postikadi ilisomwa na mtu wa posta, na mwenye nyumba, na kila aliyepita mezani, hivyo watu walijibana. Njia inayofaa ni kuacha kusoma kadi mojamoja. Toeni zote za mtumaji mmoja, mzipange kwa tarehe, kisha mtazame kinachobadilika: anavyomwita mpokeaji, anavyotia sahihi, nani anasalimiwa mwishoni na nani ameacha kusalimiwa. Jina linaloletewa salamu katika kadi sita mfululizo, halafu likatoweka bila maelezo, ni swali la kumpelekea shangazi yako. Na mkimuuliza, muulizeni akiwa na kadi mkononi, sauti yake ikirekodiwa, kwani wazee wengi hukumbuka zaidi wanapoushika mwandiko kuliko wanapoulizwa mwaka.

Swali la nyongeza

Ninashukuru kwa maelezo hayo, nami ninaongeza langu kwa kuwa hali yangu inafanana. Kwetu kadi zimebandikwa katika albamu ya zamani, baadhi zimetolewa stempu, na kaka zangu wanataka zigawanywe sawasawa kwa watoto wote, kila mmoja apewe fungu lake na kuondoka nalo. Pia dada mmoja anapendekeza nitumiwe mimi zote kwa posta kwa sababu mimi ndiye mwenye skana. Mnaonaje?

Jibu

Dada au kaka uliyeuliza, la kutuma zote kwa posta katika kifurushi kimoja mimi ningelikataa. Karibu kila mji una mahali panapoweza kuskani, na pande mbili za kila kadi kwa doti 600 kwa inchi zinatosha kwa kazi nyingi, hata kukuza muhuri uliofifia. Faili zipewe namba, mbele na nyuma zikifuatana, na namba hiyohiyo iandikwe kwa penseli laini, kidogo sana, kwenye kona ya nyuma ya kadi yenyewe, kamwe si kwa kalamu ya wino. Penseli iliyofutika husomeka ukiinamisha kadi chini ya taa ya pembeni, kwa sababu mkandamizo wa mkono hubaki kwenye karatasi.

Zilizobandikwa zisibanduliwe kwa nguvu wala kwa mvuke; afadhali ukurasa mzima wa albamu uskaniwe kama ulivyo, na gundi aachiwe mtu aliyesomea uhifadhi. Stempu zilizosalia zisiguswe, hata kama ndugu mwingine amesikia kwamba zina bei, kwa sababu nusu ya muhuri iko juu ya stempu na nusu iko kwenye kadi, na ukizitenganisha umeipoteza tarehe. Kwa kuhifadhia, mifuko ya plastiki ya poliyesta au polipropilini inafaa. Ile laini ya PVC yenye harufu kali huharibu picha kadiri miaka inavyokwenda.

Kuhusu kugawana, gawaneni baada ya kuskani na baada ya kuorodhesha, na kila mtumaji abaki katika fungu moja. Kadi ishirini za mjomba mmoja zikitawanywa katika nyumba tano, kila nyumba itakuwa na picha nzuri ya bandari, na hakuna itakayokuwa na mjomba. Mkubaliane pia mapema ni zipi zitawekwa wazi kwa ukoo mzima, maana kadi ya mtu aliyekuwa na deni, au iliyotoka kwa mpenzi asiyeolewa, inaweza kuwahusu watoto wake walio hai ambao hawajaulizwa.

Na jambo moja ambalo sisi tunaoishi ughaibuni tunaweza kulifanya na waliobaki nyumbani hawawezi kwa urahisi. Bahasha ya shangazi na albamu yenu zina kadi zilizopokewa tu. Majibu yote, yaani maneno ya babu zenu wenyewe, yalikwenda upande wa pili, kwa yule rafiki wa melini, yule mwalimu, ile familia ya mwajiri, na kama hayakuchomwa yako katika mtoto wa meza wa mjukuu wa mtu huyo, huenda katika mji unaofikika kwa treni kutoka unapoishi. Chukueni majina ya watumaji na miji iliyo kwenye mihuri, andikieni chama cha historia cha eneo husika na maktaba yake, mkiambatisha nakala ya kadi mbili tatu, na mwulize waziwazi kama kuna familia ya jina hilo ambayo bado inakaa hapo. Barua iwe fupi, itaje miaka, na ieleze kwamba mnatafuta nakala wala hamdai kadi zenyewe. Hofu ya kunyang'anywa ndiyo inayowafanya wengi wasijibu.

Muulizaji wa kwanza, kwa kuwa shangazi yako anaelekea kuzigawa karibuni, anza na kadi zenye anwani mbili au muhuri wa meli, kisha za studio. Zile zisizoandikwa kitu nyuma binamu anaweza kuziacha hadi mwisho.